Nasaba ya Mabadiliko

Kazi ya kuandika programu niliianza zama ambazo kutunza mabadiliko kulikuwa ni kunakili faili na kulitia tarehe katika jina lake. Hata Git, ambayo Linus Torvalds aliiasisi mwezi wa Aprili 2005 baada ya watunzi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia BitKeeper bila ya malipo, iliponifikia, nikaipokea kwa shukrani kubwa. Tangu hapo, katika amali zangu zote, niliyoipenda zaidi ni kusafisha tarikhi ya komiti kabla haijatoka mikononi mwangu.

Wako wanaoihesabu kazi hiyo kuwa ni urembo. Mimi naihesabu kuwa ni haki ya msomaji. Atakayekuja baadaye kusaka hitilafu kwa amri ya bisect hupewa komiti ya katikati aijaribu, kisha ya katikati ya nusu iliyosalia, hata baina ya komiti 1,000 akaipata yenye ila kwa majaribio yapatayo 10; lakini akiangukia komiti isiyoweza hata kuendeshwa, kwa kuwa mwandishi aliihifadhi kazi ikiwa nusu, hana budi kuiruka, na jawabu likaingiwa na shaka. Kwa hiyo kila nilipokaribia kuwakabidhi wenzangu tawi langu niliita rebase -i, nikayaunga masahihisho madogomadogo na komiti zilizohusika kwa fixup, na maelezo hafifu nikayaandika upya kwa reword. Maelezo ndiyo yaliyonichukua muda mrefu, kwani msimbo hudhihirisha lililofanywa, bali sababu yake aghalabu haipatikani ila humo.

Mpaka nao upo, na nimeulinda kwa ukali. Kitambulisho cha komiti, chenye herufi na tarakimu 40, hukokotolewa pamoja na kile cha mzazi wake. Ukimgusa babu, wajukuu wote hubadilika majina. Tawi ambalo wengine wamekwisha kujenga juu yake sikuligusa.

Kijana mmoja kazini aliniuliza, “Mzee, na nikipoteza kazi yangu katika kusafisha huko?” Nikamwonyesha reflog, ambayo kwa desturi huikumbuka hata komiti iliyokatwa na tawi kwa muda wa siku 30, na nikamuusia kwamba akilisukuma upya tawi lake atumie --force-with-lease, ili asije akafuta jambo ambalo mwenzake ameliongeza naye hana habari. Komiti alizonikabidhi baadaye niliziendesha moja baada ya moja, na zote zikaenda.