Kutoka Iringa hadi Ocean Road: Barabara iliyotufundisha kuishi na saratani ya uloto

Kutoka Iringa mjini hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 500. Abiria wengi huigawa safari hiyo kwa vituo: Ilula, Kitonga, Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro, Chalinze, Kibaha. Sisi tunaigawa kwa matuta. Mume wangu ana mieloma, saratani ya uloto inayodhoofisha mifupa, na pingili mbili za mgongo wake zimeshabonyea. Basi likiruka tuta moja kwa kasi, maumivu yake yanaweza kudumu mpaka kesho yake.

Ana miaka 48, ni mwalimu wa sekondari, na tuna watoto watatu. Tangu aambiwe ugonjwa huu miaka miwili iliyopita, tumepita barabara hii karibu kila mwezi kwenda kliniki. Ninaisimulia safari hii kwa ajili ya mzazi ambaye amelisikia jina hilo gumu wiki hii na hajui aanzie wapi.

Maumivu ya mgongo yaliyogoma kuisha

Ndani ya mifupa kuna uloto, mahali damu inapotengenezwa. Humo zimo seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kinga ya mwili. Kwa mwenye mieloma, seli hizo huzaliana bila mpangilio. Zinachukua nafasi ya seli nyingine za damu, zinasababisha mifupa kuliwa, na protini zinayoimwaga huumiza figo. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kulalamikia mgongo au mbavu, akaishiwa damu, akachoka kupita kiasi, akaugua nimonia mara kwa mara, na baadaye figo zikagoma.

Marekani na Ulaya wengi hugunduliwa wakiwa wamevuka miaka 65, lakini ugonjwa huwapata pia watu wenye watoto wa shule. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba watu weusi huupata takribani mara mbili ya Wazungu.

Kwetu ulianza kama mgongo wa kawaida. Hospitali moja tuliyoianzia ilimchoma sindano za diklofenaki kwa miezi mitano bila kupima damu wala figo. Sindano zile zilituliza maumivu, ila dawa za kundi hilo huongeza mzigo kwa figo, na mwenye mieloma anatakiwa aziepuke. Daktari wa pili ndiye aliyeagiza vipimo. Damu ilikuwa 7, na majibu ya figo hayakumpendeza. Akatuandikia rufaa ya kwenda Muhimbili, ambako walitoa uloto kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga na kutupa jina la ugonjwa.

Mzazi mwenzangu, mgongo ukiuma wiki nyingi, ukikuamsha usiku, au ukiambatana na uchovu na kukonda, omba upimwe wingi wa damu na kazi ya figo. Vipimo hivyo viwili havisemi kila kitu, lakini vinaweza kumfungua macho daktari.

Kushuka Kitonga

Basi likitoka Iringa hupita Ilula, ambako wauza nyanya hukimbilia madirishani na ndoo zao, kisha huanza kushuka mlima Kitonga. Malori yaliyobeba mizigo ya Zambia na Kongo hupanda kwa kukokota, na upande mmoja wa barabara ni bonde. Hapo kila mtu kwenye basi hunyamaza kidogo.

Tumejifunza kukata tiketi mapema ili tupate kiti cha katikati. Viti vya nyuma hurusha mno. Kabla ya kuondoka ninamfuata konda na kumweleza wazi: "Kaka, mgonjwa wangu ana tatizo la mifupa, tafadhali mwambie dereva kwenye matuta apunguze." Mara ya kwanza niliona aibu kusema mbele za watu. Lakini makonda wengi ni waungwana. Mmoja alituhamisha hadi kiti cha mbele na kumwomba kijana aliyekuwapo akae nyuma.

Shida nyingine ni maji. Daktari alimwagiza anywe karibu lita tatu kwa siku kulinda figo, na mtu anayekunywa hivyo ndani ya basi lazima achimbe dawa kila baada ya muda. Wapo wagonjwa wanaoacha kunywa maji siku ya safari ili wasisumbue. Sisi tunamwambia konda na hilo pia. Basi likisimama Ruaha Mbuyuni, penye wauza vitunguu na mibuyu mikubwa kila upande, mume wangu hushuka na kulizunguka basi mara tatu au nne. Moja ya dawa zake huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa saa nyingi bila kujinyoosha huongeza hatari hiyo. Kwa hiyo amepewa pia dawa ya kuzuia damu kuganda, na anatembea.

Swali la Mikumi

Barabara hukatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Magari hutakiwa kwenda polepole kwa ajili ya wanyama, na kwa mgongo wa mume wangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Unaona twiga, pundamilia, makundi ya swala, na tembo ukiwa na bahati.

Likizo ya Juni mwaka jana tulisafiri na kifungua mimba wetu, kijana wa kidato cha tatu. Watoto wote tulikuwa tumewaambia ndani ya wiki ya kwanza. Tuliwakalisha sebuleni baada ya chakula cha jioni na kulitaja jina la ugonjwa: "Baba ana saratani ya uloto. Hauambukizi. Hakuna aliyeusababisha. Ana dawa, na kuna siku atakuwa amechoka sana." Kitinda mimba wetu, mwenye miaka saba, aliuliza kama bado baba atamfundisha baiskeli. Wa kati alilia. Huyu mkubwa hakusema neno.

Mikumi ndiko alikoongea. Alikuwa anatazama nje, kundi la nyati limelala kivulini, akauliza bila kugeuka: "Baba, utakufa?"

Mume wangu alichukua muda. Akamjibu: "Ugonjwa huu hawajapata dawa ya kuumaliza kabisa. Zipo dawa za kuutuliza, unaweza kutulia miaka, ukiamka wanabadilisha dawa. Sijui miaka mingapi. Nikijua kitu kipya, wewe utakisikia kwangu, si kwa jirani."

Kijana aliitikia kwa kichwa. Kufika mji wa Morogoro alikuwa ameshashika begi la dawa, na tangu siku hiyo hilo ni jukumu lake. Nimeona kwamba mtoto mkubwa akipewa ukweli na kazi ndogo ya kufanya, hofu yake hupata mahali pa kukaa.

Treni kutoka Morogoro

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, tunashukia Msamvu na kuchukua bajaji hadi stesheni. Nauli huongezeka kidogo na mizigo hushushwa mara mbili. Lakini treni haina matuta, ina choo, na anaweza kusimama na kutembea kwenye korido. Chini ya saa mbili mko Dar. Kwa familia yenye mgonjwa wa mifupa, mabadiliko hayo si ya anasa. Siku ya kwanza tuliyoipanda alifika kwa shangazi yake Tabata akiwa na nguvu za kula na kupiga soga.

Nyumba nyeupe mbele ya bahari

Kliniki yake ya damu iko Muhimbili, Upanga. Kwa mionzi ya mgongo alipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, mwendo mfupi kutoka hapo. Jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1895 na 1897, likiwa hospitali tangu mwanzo. Ni jeupe, lina veranda, na linatazama Bahari ya Hindi. Barabara inayopita mbele yake ilipewa jina la Barack Obama mwaka 2013 alipoitembelea nchi, ila madereva wa bajaji bado wanaiita Ocean Road.

Huko kwetu, ukisema fulani kapelekwa Ocean Road, watu huanza kuulizana kuhusu msiba. Kijana wetu naye alikuwa ameyasikia hayo shuleni. Alichokikuta ni watu wamekaa kwenye mabenchi na mafaili mikononi, akina mama wakigawana maandazi, mtoto akikimbizwa na bibi yake, na upepo wa bahari ukipeperusha vitenge. Mzee mmoja kutoka Songea, naye mgonjwa wa mieloma, alimwambia: "Mimi huu ni mwaka wangu wa sita, mjukuu. Mahindi nalima bado, ila gunia nabebewa."

Mionzi yenyewe haiumi. Mgonjwa huchorwa alama kwenye ngozi, hulala juu ya meza, wahudumu hutoka, na mashine hufanya kazi dakika chache. Maumivu ya mgongo yalianza kupungua baada ya wiki mbili hivi. Mchana tulikaa upande wa pili wa barabara, tukahesabu meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini, kisha tukaenda Feri kula samaki wa kukaanga wa moto. Chakula kilichopoa hatumpi, kwa sababu kinga yake iko chini.

Nyumbani baada ya kliniki

Dawa zinaendelea nyumbani, na nyumba nzima inazijua. Siku ya deksamethasoni anameza asubuhi baada ya uji, na usiku wake halali. Saa nane utamkuta anasahihisha daftari au anapanga upya kabati la vyombo. Siku hiyo pia hukasirika haraka. Watoto wanaijua, wanaiita "Jumatatu ya baba", na hawachukulii maneno yake moyoni.

Thalidomaidi tunaifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Dawa hii iliwahi kusababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na ulemavu, ikaanza kuondolewa sokoni mwaka 1961. Baadaye, mwaka 1999, ilionekana kusaidia wagonjwa wa mieloma. Mjamzito hapaswi kuimeza wala kuishika, na mwanamume anayeitumia lazima atumie kondomu. Daktari alituambia hayo tukiwa wote wawili, na nashauri kila mwenza aingie ndani ya chumba cha daktari ayasikie mwenyewe.

Mambo mengine tumeyapanga hivi. Habebi ndoo wala gunia. Shuleni mkuu wake alimpa vipindi vya asubuhi na kiti darasani. Akipata homa tunaenda hospitali siku hiyohiyo, hatusubiri kukuche. Miguu ikilegea ghafla, au akishindwa kuzuia mkojo, hiyo ni dharura, maana huenda uti wa mgongo umebanwa. Maswali tunayaandika kwenye daftari kabla ya kliniki, na mojawapo la lazima ni dawa ipi inalipwa na bima na ipi tunapaswa kuichangia mapema.

Muhimbili wameshafanya upandikizaji wa uloto kwa wagonjwa wa mieloma, kwa kutumia seli za mgonjwa mwenyewe. Madaktari wanapima kama figo zake zinaruhusu. Hatujui jibu litakuwaje. Kwa sasa tunapanga maisha kwa kipimo cha kliniki moja hadi nyingine: ada ya muhula huu, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne anaoutunga, mahindi ya msimu huu. Mbali zaidi ya hapo tunaacha kwanza.

Baiskeli kitinda mimba ameshajua. Baba alikaa kwenye kigoda barazani akitoa maelekezo, kaka mtu akashikilia tandiko na kukimbia pembeni.