Siyu: Mtoto na Sindano ya Kwanza

Safari ya Siyu, katika kisiwa cha Pate, huamuliwa na bahari. Kutoka Lamu mashua hupita kati ya mikoko, na maji yakipwa abiria hana budi kungoja yajae. Mji huu ulisifika zamani kwa Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kwa kazi za ngozi. Ngome yake ya karne ya 19 ingali imesimama karibu na maji. Sisi tulivutwa zaidi na mkeka uliotandikwa uani mwa nyumba moja baada ya Alasiri. Kofia ya viua ilikuwa ikishonwa, na kando yake binti wa miaka saba akifundishwa kushika sindano.

Kofia hiyo ni bafta nyeupe ya vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Huchorwa kwanza kwa kalamu ya risasi, kisha hutobolewa vijitundu, na kila kimoja kikazungushiwa uzi mpaka ukingo ukaze. Kofia moja hula wiki nyingi, hata miezi. Wala kazi hii si ya wanawake peke yao, kwani Lamu wanaume nao huishona barazani.

Mtoto haanzi na viua. Bibi yake alimpa kitambaa kilichobaki, sindano nene yenye tundu pana, na uzi usiozidi urefu wa mkono wake, maana uzi mrefu hufanya mafundo, na mafundo humchosha mwanafunzi. Alianza kwa bandi. Mstari wa kwanza ulipopinda haukufumuliwa. Aliambiwa ashone mwingine chini yake huku akiutazama ule wa juu. Bibi alisema machache tu: "Taratibu, mjukuu wangu." Kabla ya mkeka kukunjwa sindano zote zilihesabiwa, kwa kuwa mdogo wake angali anatambaa.

Mama mtu hakuridhika. Macho yake mwenyewe yameanza kuchoka, kofia za mashine zimeshusha bei sokoni, na mshonaji hupata kidogo kuliko muuzaji. Alitaka binti ashike kitabu. Bibi akamjibu kwa upole kwamba karo yake yeye ililipwa kwa kofia hizo hizo.

Kwa maoni yetu, katika suala la malipo mama ana haki, na wanaobishania bei ya kofia ya mkono kila Idi inapokaribia wangekaa saa moja tu kwenye mkeka ule. Lakini sindano na kitabu havikugombana uani pale. Waliafikiana nusu saa baada ya madrasa, mwanga wa jua ungalipo, na kamwe si usiku kwa taa. Kuhusu kiua cha kwanza, bibi aliahidi kukifundisha baada ya Ramadhani, inshallah, iwapo bandi itakuwa imenyooka.