Chenji ya Mama

Nyumbani Malaba, mpakani na Uganda, majirani huniita mwalimu wa wendawazimu. Nimewaeleza mara nyingi kwamba kazi yangu ni kufundisha saikolojia chuoni, kwamba wanafunzi wangu wengi wataishia kuwa walimu na washauri nasaha, na kwamba wagonjwa wa akili wana madaktari wao. Hawasikii. Wakinikuta kwa kinyozi huniuliza kama nayasoma mawazo yao. Siyasomi. Ya mama yangu mwenyewe yalinipita.

Mama ameuza mahindi na maharagwe tangu nikiwa darasa la pili. Nafaka nyingi hutoka ng'ambo, Uganda, wanunuzi ni wa huku, na pesa ni za pande zote mbili. Siku hizi shilingi moja ya Kenya hupata za Uganda kati ya 27 na 30 hivi, na kiwango cha asubuhi si lazima kifike jioni. Mama hana kikokotoo. Ana gorogoro ya kupimia na kichwa. Wadeni wake anawajua kwa jina, kwa pesa ya nchi gani, na kwa idadi ya ahadi walizovunja.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilimletea jaribio la akili tulilokuwa tumefundishwa: mimi nataja namba, yeye anazirudia kinyumenyume. Tulipofika namba nne akanikatiza. "Hizi ni bei ya nini?"

Nikamwambia si bei ya kitu.

"Sasa nizishike za nini?"

Nikampa alama za chini. Nasema kwa aibu: niliziamini.

Miaka baadaye nilikutana na maandishi ya Mallory Wober, aliyefanya utafiti Uganda na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974. Aliwauliza Waganda obugezi, yaani akili, ni kitu cha namna gani. Wengi walimwambia ni kitu cha polepole, chenye uangalifu. Na sisi tunamsimamia mtoto na saa mkononi!

Kisha nikasoma utafiti wa Usenge, huko Siaya ufukweni mwa ziwa, uliochapishwa mwaka 2001. Kati ya watafiti alikuwemo Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, pamoja na Robert Sternberg wa Marekani. Waliwapima watoto 85 ujuzi wao wa dawa za miti shamba, ule ambao mtoto huupata kwa kuwafuata wakubwa, wakaulinganisha na majaribio ya kawaida. Waliojua dawa zaidi ndio walioelekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Watoto hao hawakuwa wajinga. Kwao nyumbani walikuwa wameambiwa, kwa maneno au kwa vitendo, ni elimu ipi itakayowaweka hai. Utafiti mwingine wa hapohapo ulionyesha kwamba Wajaluo wanapomsifu mtu kwa akili wana maneno manne: rieko, luoro, paro na winjo. Heshima imo humo, na kuanzisha jambo bila kusukumwa pia. Shule hupima rieko, yaani maarifa na ujuzi, tena si yote.

Nilicheka peke yangu maktabani, halafu nikakasirika. Nilikumbuka zile namba nne.

Ndiyo maana darasa langu la kwanza halina kitabu. Nawatuma wanafunzi sokoni Busia, kwenye stendi za boda boda, Malaba kwenye trela, waniletee maneno ambayo watu huyatumia kumtaja mwenye akili na kumtaja mwenye taabu. Wengine hunung'unika kwamba wamelipa karo ili wafundishwe, si ili watumwe. Wenye pikipiki za kazi hawanung'uniki. Wikendi wako hukohuko. Orodha zinazorudi zinafanana ajabu. Mtu wa mpakani hasemi ana huzuni. Anasema ana mawazo, kichwa kimejaa, moyo mzito. Mwaka 2020, msururu wa trela ulipoenea kilomita nyingi kabla ya Malaba kwa sababu ya vipimo vya korona, sikusikia dereva hata mmoja akisema anaogopa. Walisema hawalali, au tumbo linasumbua. Daktari kijana akiambiwa "nina mawazo" hujibu, "Nani hana?" Hapo mgonjwa amefungiwa mlango kwa upole.

Mimi nami niliufunga. Baba alipofariki, mama alianza kusema ana mawazo. Nikatoa dodoso la maswali tisa, lile linalouliza juu ya wiki mbili zilizopita, kwa tafsiri nzuri ya Kiswahili. Unasikia huzuni? Hapana. Umepoteza hamu ya mambo? Hapana. Ningetarajia nini? Mjane wa Kiteso, mbele ya mwanawe wa kiume, aseme amekata tamaa? Jumla ikatoka ndogo. Nikarudi kazini na moyo mweupe.

Aliyegundua ni jirani yake sokoni, muuza omena. Alinipigia simu: "Mwalimu, mama yako amenipa chenji ya ziada mara mbili wiki hii. Mara mbili! Na jana mteja ametaja bei yake, naye akakubali tu. Huyo si yeye."

Nimefundisha dalili za sonona kwa miaka kumi na tisa. Hiyo ya kukubali bei sikuwa nayo katika maelezo yangu.

Sikumshauri mimi. Mtoto hawezi kuwa mshauri wa mamake. Hilo nalifundisha, na safari hii nililifuata. Nilimtafutia mwanamke mmoja mtu mzima wa Busia, mshauri aliyesomea, anayezungumza Kiteso. Waliyoongea sikuyauliza, wala sikuambiwa. Nilichosikia tu ni kwamba siku ya kwanza waliongea habari za maharagwe karibu saa nzima.

Mama alipumzika, akarudi sokoni baada ya miezi mitano. Juzi nimenunua kwake gorogoro mbili za maharagwe, nikampa noti ya elfu moja. Alinirudishia chenji kamili, kisha akanikumbusha deni la Krismasi.