Keki ya Mbozi Ilipohama Sufuria

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu wa Mbozi Mission, kusini-magharibi mwa Tanzania, akitaka keki hakuuliza duka gani, aliuliza mama gani. Kila mtaa ulikuwa na mama mwenye mkono wake, na sifa zake zilifika hadi Mlowo bila kibao wala tangazo.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikulia hapo, na bado anaweza kueleza kazi yenyewe. Sufuria hupakwa mafuta na kunyunyizwa unga. Mkaa kidogo chini, mkaa mwingi juu ya mfuniko. Ukizidisha wa chini, keki inaungua kitako na katikati inabaki uji. Mama mjuzi hakutazama saa, alinusa. Kisha akachoma njiti ya fagio, ikitoka kavu makaa yanaondolewa. Watoto waligombania pembeni, pale palipokauka na kuwa na rangi ya kahawia. Katikati waliachiwa wageni.

Keki haikuwa kitu cha kila wiki. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na unga wa ngano na sukari vikawa vya kupangiwa foleni. Tunduma ilisaidia, kwa kuwa Nakonde ya Zambia iko hatua chache tu kuvuka mpaka. Lakini mwaka 1983, serikali ilipowasaka wahujumu uchumi, hata sukari ya halali ilifichwa chini ya kitanda. Kwa hiyo keki ilisubiri harusi, na harusi ilisubiri fedha za kahawa, ambayo huko Mbozi huvunwa kuanzia katikati ya mwaka.

Keki ilikuwa adimu, lakini kanisani mkate ulikuwa na heshima yake. Misheni ya Mbozi ilianzishwa mwaka 1899 na Traugott Bachmann wa Kanisa la Moravian, na Wamoravian wana desturi ya karamu ya upendo, iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727: waumini huketi pamoja wakala mkate na kunywa.

Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, mambo yalibadilika taratibu. Unga wa ngano ukaanza kupatikana madukani bila kujuana na mtu. Maandazi yakawa ya kila asubuhi, ingawa baridi ya Juni na Julai huchelewesha unga kuumuka, na anayekanda huanza usiku. Tunduma, penye foleni za malori ya Zambia na Kongo, chapati na vipande vya keki vikapata walaji wasiokwisha.

Kilichoihamisha keki kwenye sufuria hasa ni mwaka 2016, Songwe, ilimo Mbozi, ilipokuwa mkoa na Vwawa makao yake makuu. Ofisi zilileta watumishi, na watumishi wakaja na sendofu, kicheni pati na sikukuu za kuzaliwa za watoto. Oveni za gesi na umeme zikafuata. Siku hizi mteja humtumia mwokaji picha kwenye simu: ghorofa tatu, waridi, jina la bibi harusi.

Bei ya ngano ilipopanda duniani mwaka 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine, Tanzania, inayoagiza ngano nyingi kutoka nje, iliumia pia. Andazi likapungua unene. Keki za ghorofa ziliendelea.

Zinapendeza, na wa zamani wasijidanganye: keki ya mkaa mara nyingine ilinuka moshi, na hukuwa na pa kulalamikia. Ila krimu nene huficha keki kavu, jambo ambalo sufuria haikuweza kulificha. Unayeagiza Vwawa au Tunduma, usichague kwa picha. Uliza imeokwa lini, omba krimu iwe nyembamba, na uonje kipande kabla hujatoa malipo ya awali.