Kitui: Jina la Aliyeonyesha Njia
Juma lililopita, baada ya sala ya alfajiri, kijana wa Kikamba alitutembeza mjini Kitui kwa miguu, kisha akatupeleka nje ya mji, tukapanda ngazi za chuma za jabali la Nzambani. Huko juu tukamtaja Krapf, aliyeuona Mlima Kenya akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Kijana akatukumbusha kwamba mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mkuu wa misafara ya pembe za ndovu iliyoteremka hadi Mombasa kwetu, naye ndiye aliyemsimulia habari za mlima huo kabla hajauona. Tulipoagana nikatambua kuwa nami sikumwuliza kijana yule jina lake. Nikatahayari, nikamwuliza. Wazazi, wafunzeni watoto adabu hiyo.