GB 120 au GB 240? Kosa langu la shilingi 900

Wiki hii nimeulizwa tena lile swali: "Kompyuta yangu ni ya bei nafuu, niweke SSD ya ukubwa gani ya kuwashia Windows?" Kabla sijajibu, acha niungame.

Mwanzoni mwa 2025 shangazi yangu alifungua kibanda cha kuchapa na kuskani sokoni Chebunyo, kaunti ya Bomet. Ukitaja Bomet watu huwaza chai, lakini upande wetu wa Chepalungu ni mkavu zaidi, na mtaji wa shangazi ulitokana na maziwa. Tukanunua kompyuta ya mtumba: Core i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, na diski ya zamani ya GB 500. Ukiiwasha, unaweza kwenda kunywa chai na kurudi! Diski ya aina hiyo ina sahani inayozunguka na mkono unaohangaika kutafuta data, na Windows ikiamka husoma maelfu ya faili ndogo ndogo. SSD haina kinachozunguka, ndiyo maana hata ya bei ya chini hufufua mashine nzee.

Dukani kulikuwa na ya GB 120 na ya GB 240. Tofauti ya bei ilikuwa shilingi 900. Mimi, mwenye digrii ya kompyuta, nikapiga hesabu hapo hapo: Windows 11 inadai angalau GB 64, basi 120 ni karibu mara mbili. Tosha! Diski ya zamani nikaichomoa, nikaenda nayo Nairobi.

Hesabu yangu ilikuwa na mashimo. Kwanza, GB 120 za kwenye boksi huonekana 111 ndani ya Windows, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. Pili, apdeti kubwa ya Windows huhifadhi toleo la zamani kwa siku 10 hivi, nalo hula GB nyingi. Tatu, kuna Office, skani za wateja, na PDF za WhatsApp ambazo hakuna anayezifuta. Isitoshe, SSD ikikaribia kujaa hupunguza kasi, maana inakosa nafasi tupu ya kuandikia.

Tarehe 28 Juni, zikiwa zimebaki siku mbili kufunga ritani za KRA, simu ikalia.

"Mwanangu, mashine imegoma. Inasema diski imejaa, na watu wamepanga foleni mpaka nje."

Nilikuwa na haraka zangu. Nikamjibu, "Shangazi, futa vitu usivyovihitaji, halafu umwage pipa la taka."

Akafuta. Mashine ikaamka, wateja wakahudumiwa. Jioni akatafuta faili la madeni ya wateja wake, halipo. Lilikuwa ndani ya folda ambayo jina lake halikumwambia kitu.

Ingekuwa diski ya zamani, pengine ningelirudisha kwa programu ya kufufua faili. Lakini kwa SSD, Windows hutuma amri iitwayo TRIM, inayoiambia diski kwamba sehemu ile haina kazi tena, nayo huisafisha. Nilijaribu. Sikupata kitu. Shangazi akachukua daftari la shule, akaanza kuandika madeni kwa kukumbuka. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Sasa jibu. Nilichagua ukubwa kwa kujifikiria mimi, mtu anayejua kusafisha diski kila mwezi. Mwenye mashine hakuwa mimi. Kwa hiyo uliza kwanza: nani ataitumia, na nani atakuwa karibu ikijaa?

Kama ni wewe mwenyewe, unajua kufagia, na faili zako zinakaa diski nyingine, GB 120 itakusukuma. Kama ni mzazi, duka au shule, anzia GB 240 au 256. Hata uimara huongezeka: kwa Kingston A400, kiwanda kinakadiria ya GB 120 kuandikiwa TB 40, na ya GB 240 TB 80. GB 480 nunua tu ikiwa hakuna diski ya pili. Na ile diski ya zamani usiichomoe! Iache ndani ihifadhi faili za kazi, na nakala ya yale muhimu iwe nje ya kompyuta kabisa.

Julai nilisafiri kupitia Narok nikiwa na GB 240 niliyoinunua kwa pesa zangu, pamoja na ile diski ya GB 500. Nikavifunga vyote viwili. Faili jipya la madeni sasa linakaa kwenye diski ya zamani, na nakala yake kwenye flashi.

Daftari la shule bado liko mezani. Shangazi anasema hilo halijai ghafla.