Upinde na Mshale: Je, ni Aibu Kwetu?

Ukitaja upinde mbele ya vijana wa Nyanza-Lac, wengi hucheka. Husema hicho ni chombo cha watu wa porini, tena cha zamani, wala hakimfai mtu aliyesoma. Mimi siafikiani nao, na hapa nataka kueleza sababu zangu.

Kwanza tutazame jina lake. Kwa Kirundi upinde huitwa umuheto, nalo ni jina la ukoo mmoja na guheta, yaani kupinda. Waswahili nao walilitoa jina la upinde katika kupinda. Wazee wa lugha zote mbili waliona jambo lile lile: nguvu ya silaha hii imo katika mti uliopindwa, ambao wataka kurudi ulivyokuwa. Mpigaji avutapo ugwe, upande wa mti unaomwelekea hubanwa, na upande wa mbele hunyoshwa. Mti mbaya huvunjika papo hapo. Babu yangu, aliyenichongea upinde wa kwanza nilipokuwa mdogo, hakusoma fizikia, lakini jambo hilo alilijua. Alizifuata nyuzi za mti polepole kwa kisu chake, na alipofika kwenye fundo alisimama kwanza akafikiri.

Watu wa Asia nao walikutana na shida hiyo hiyo. Wamongolia, Waturuki na Wakorea waliunganisha vitu vitatu. Upande wa ndani walitia pembe, kwa kuwa pembe hustahimili kubanwa. Upande wa nje walitia kano za mnyama, kwa kuwa kano hustahimili kunyoshwa. Katikati waliweka mti mwembamba, na vyote vikashikwa kwa gundi. Hivyo mpanda farasi alipata upinde mfupi wenye nguvu nyingi. Lakini gundi ile huogopa unyevu, na nadhani masika moja ya ziwani kwetu yangetosha kuuharibu. Wajapani walitumia mwanzi na mbao, wakafanya upinde mrefu kupita mita 2, ambao hushikwa chini ya katikati.

Afrika nayo haikuwa nyuma. Wawata wa Kenya, waliokuwa wakiitwa Waliangulu, walivuta pinde za ratili zaidi ya 100, wakaangusha tembo kwa mishale yenye sumu ya mti. Huko Rwanda wapigaji walivaa pande la mti lililochongwa kifundoni mwa mkono wa kushoto, ugwe usije ukawaumiza. Hapa Burundi, watu wa Mwezi Gisabo, mfalme aliyefariki mwaka wa 1908, walishika mikuki na pinde, na kwa silaha hizo walimzuia Rumaliza wa Ujiji, ambaye askari wake walikuwa na bunduki. Wajerumani walipokuja na bunduki zilizo bora zaidi, mambo yaligeuka, na mwaka wa 1903 mfalme alilazimika kukubali mapatano ya Kiganda.

Nilipomweleza haya mwenzangu mmoja darasani, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Ndugu yangu, wewe wasifu silaha katika pwani hii?"

Swali lake lina uzito. Mwezi wa Aprili 1972 mapigano yalizuka Rumonge na hapa Nyanza-Lac, na baada yake watu wengi mno waliuawa katika nchi nzima. Wengine walikimbilia Tanzania, wakakaa huko miaka mingi. Katika vijiji vyetu wapo wazee ambao hawapendi hata kuona panga limeinuliwa juu. Basi siwezi kusifu silaha kwa sababu tu ilikuwa ya babu zetu.

Lakini tazameni waliyofanya wengine. Upinde wa Japani ulikuwa wa vita. Leo hufundishwa ili mtu apate utulivu wa mwili na moyo. Bhutan waliufanya mchezo wa taifa, na shabaha zao huwekwa umbali wa mita 140 hivi. Mwaka wa 1984, walipokwenda Olimpiki mara ya kwanza, walipeleka wapiga mishale tu. Wanawake wa Korea ya Kusini wameshinda dhahabu ya timu katika kila Olimpiki tangu 1988 mpaka 2024. Nchi hizo hazikuuficha upinde wao, wala hazikuuacha uendelee kumwaga damu. Zilichukua subira, jicho na ufundi, zikawapa vijana.

Sisi wenyewe tumekwisha kufanya hivyo kwa ngoma. Zamani ilikuwa ya mfalme. Leo ni fahari ya Warundi wote, na mwaka wa 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kwa nini upinde usifuate njia hiyo?

Ombi langu ni dogo. Wazee wajuao kuchonga bado wapo, ila hawataishi milele. Tuwaalike Jumamosi moja waje shuleni kutufundisha, kila mwanafunzi ajichongee wake. Shabaha haina gharama: gogo la mgomba latosha. Na yule mwenzangu aliyeniuliza swali nitamwomba awe wa kwanza kupiga, kwa maana aliyefikiri juu ya ubaya wa silaha ndiye afaaye kuishika kwa mchezo.